ANGA WAZI KWA MATAJIRI: JE, MFANYAKAZI AMEANDIKWA WAPI?



Wengi wetu tukisikia maneno haya "anga wazi" twadhani ni mambo ya mabwana wakubwa wavaao tai, wanaokutana katika mahoteli ya Addis Ababa, Montreal au Washington. Twasema hayo hayatuhusu sisi wapakiaji mizigo, mafundi, madereva wa matrekta ya uwanjani, wapishi wa chakula cha ndege, makarani wa tikiti na wafagiaji. Kusema hivyo ni kujidanganya. Kila karatasi inayotiwa sahihi huko hufika katika mshahara wetu, ijapokuwa huchukua miaka kufika. Basi ni heri tujue karatasi hizo zasema nini, na tujue pia ni wapi zimenyamaza.

Mimi nasema hivi: neno la kugombania si kama anga ifungwe au ifunguliwe. Neno la kugombania ni kama mfanyakazi ameandikwa ndani ya mapatano hayo, na kama maandishi hayo yana meno. Nitaeleza sababu zangu, na kila mwanachama apime mwenyewe.

MWANZO WA MAMBO

Tarehe 7 Desemba 1944, vita vikuu vikiwa havijaisha, mataifa 52 yalitia sahihi mkataba mjini Chicago. Neno la kwanza la mkataba ule ni kwamba kila nchi ndiyo mwenye hewa iliyo juu ya ardhi yake. Ndege ya abiria ya nchi nyingine haiwezi kufanya safari za kila siku kuingia kwako mpaka umeipa ruhusa. Kwa hiyo nchi zilianza kupatana mbili mbili. Mwaka 1946 Marekani na Uingereza zilipatana katika kisiwa cha Bermuda, na mapatano yale yakawa kama kipande cha kukatia nguo: nchi nyingine nyingi zilifuata. Karatasi ilisema kampuni gani itaruka, njia gani, na nauli itakubaliwa na nani.

Katika siku zile kampuni ya ndege ilikuwa kama reli, mali ya watu wote. Sisi huku tulikuwa na East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946, ikamilikiwa pamoja na nchi zetu za Afrika Mashariki hata ikavunjika mwaka 1977. Mwaka huo huo Kenya Airways ikaanza. Twajua kampuni hizo zilikuwa na makosa yake, na siasa iliziingilia sana. Lakini mfanyakazi alimjua tajiri wake ni nani na yuko wapi. Akiwa na shauri, chama kilijua mlango wa kubisha.

Mabadiliko yalitoka Marekani. Mwaka 1978 Rais Carter alitia sahihi sheria ya kuondoa mkono wa serikali katika nauli na njia za ndege za ndani ya nchi ile. Tuseme kweli: nauli zilishuka, na watu wengi wasio matajiri wakapata kusafiri kwa ndege. Hayo ni mema, wala hatuna haja ya kuyaficha. Lakini nani alilipa? Mwaka 1982 kampuni ya Braniff ilisimama. Mwaka 1983 Continental ilikwenda mahakamani kusema imefilisika, ikatumia sheria ya kufilisika kutupa mapatano yake na vyama vya wafanyakazi, kisha ikaendelea kuruka kwa mishahara ya chini. Eastern ilifungwa Januari 1991, baada ya mgomo mkubwa ulioanza mwaka 1989. Pan American, jina lililojulikana dunia nzima, ilikufa Desemba 1991. Ndege hazikupungua angani. Kilichopungua ni nguvu ya yule anayezipakia, anayezitengeneza na anayezihudumia.

Kisha jambo lile likavuka bahari. Mwaka 1992 Marekani na Uholanzi ziliandika mapatano ya anga wazi: kampuni za nchi hizo ziruke wapendavyo, mara wapendavyo, kwa nauli waipendayo. Nchi za Ulaya nazo zilifungua anga baina yao tangu mwaka 1993, hata kufika 1997 kampuni ya nchi moja ikaweza kubeba abiria ndani ya nchi nyingine kama mwenyeji. Afrika haikukaa nyuma. Mawaziri wa nchi zetu walikutana Yamoussoukro, Ivory Coast, mwaka 1988, na tena mwaka 1999, wakaazimia kufunguliana anga. Azimio lile lililala sana, lakini tarehe 28 Januari 2018 Umoja wa Afrika ulianzisha mjini Addis Ababa soko moja la usafiri wa ndege, na nchi 23 zilikuwamo, Kenya ikiwa mojawapo. Na Marekani, Kenya ilikwisha kupatana juu ya anga wazi mwaka 2008. Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka New York ilianza tarehe 28 Oktoba 2018.

VYAMA VYA MATAJIRI

Sasa tazameni jambo la ajabu. Sheria za nchi nyingi zasema kampuni ya ndege sharti imilikiwe hasa na wenyeji. Marekani mgeni hapiti robo ya kura. Ulaya mgeni hafiki nusu. Kwa hiyo kampuni kubwa haiwezi kwenda kununua kampuni ya nchi nyingine nzima nzima kama mtu anunuavyo duka. Wamefanyaje? Wameungana. Mwaka 1997 makampuni matano yaliunda Star Alliance. Mwaka 1999 wengine wakaanzisha oneworld. Mwaka 2000 wengine wakaanzisha SkyTeam.

Muungano kama huo wafanya kazi hivi. Kwanza, kampuni moja huuza tikiti yenye namba yake, lakini abiria hupanda ndege ya mwenzake. Pili, hutumia pamoja ofisi, vyumba vya kungojea, meza za kupokea abiria na watu wa kupakia mizigo, ili gharama ipungue. Tatu, wale walioshikana zaidi huweka mapato ya njia fulani katika chungu kimoja na kugawana, na huomba serikali ruhusa ya kupanga nauli pamoja bila kushtakiwa kwa kuua ushindani. KLM na Northwest walipewa ruhusa hiyo na Marekani mwaka 1993.

Ndugu, hayo ni nini kama si chama? Makampuni yamegundua jambo tulilolijua sisi tangu babu zetu wa gati ya Mombasa: kwamba mmoja peke yake ni mnyonge, na walioungana hupata bei nzuri. Hatuwalaumu kwa kuungana. Twashangaa tu kwamba tajiri yule yule aliye katika chama cha makampuni kinachozunguka dunia, mfanyakazi wake akileta fomu ya kujiunga na chama, humwambia ati vyama vyaharibu biashara. Ikiwa umoja ni mzuri kwa mwenye ndege, hauwezi kuwa sumu kwa mwenye kuisukuma.

Tena iko tofauti moja kubwa. Umoja wao hupita mipaka, na wetu huishia mpakani. Kampuni ikipata hasara hapa, huweza kuhamishia kazi ya utengenezaji, ya hesabu au ya kujibu simu za abiria katika nchi ya mwenzake. Mfanyakazi hawezi kuhamisha watoto wake kutoka shule ya Embakasi kwa barua moja. Ndiyo maana mizani imeinama.

YALIYOTUPATA HAPA KWETU

Kenya Airways iliingia njia hiyo mapema kuliko wengi Afrika. Mwaka 1996 KLM ilichukua asilimia 26 ya hisa, na raia wakauziwa nyingine katika soko la Nairobi. Mwaka 2010 ikawa mwanachama kamili wa SkyTeam. Kwa miaka kadhaa watu walisifu, na faida ilionekana. Baadaye upepo uligeuka. Mwaka 2012 wafanyakazi 447 waliambiwa kazi zao hazipo tena. Chama kilikwenda mahakamani, shauri likapanda hata Mahakama ya Rufani mwaka 2014. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2016 kampuni ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 26.2. Mwaka 2017 madeni yaligeuzwa kuwa hisa, serikali na mabenki wakabeba mzigo, na sehemu ya KLM ikashuka mpaka asilimia 7.8. Mwaka 2021 ushirika wa chungu kimoja baina ya kampuni hizo mbili ulivunjwa. Mwaka 2024 kampuni ilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, baada ya miaka mingi ya hasara.

Sisemi muungano ndio uliozaa hasara yote ile. Zilikuwako ndege zilizonunuliwa kwa mikopo mikubwa, yalikuwako mafuta, na zilikuwako habari za ugaidi na maradhi ya Ebola yaliyozuia abiria. Nasema jambo lingine. Ndoa hii ilifungwa, ikarekebishwa na ikavunjwa, na katika kila hatua waliokaa mezani ni wenye hisa, wenye madeni na serikali. Mfanyakazi alipata habari wakati wa kupewa barua. Kama yeye ni wa kushiriki katika msiba, kwa nini asishiriki katika mashauri?

WANA WA MAMA MMOJA TUSIGOMBANISHWE

Najua wako ndugu zetu wa Pwani watakaoniuliza: wewe wa Nairobi, wataka anga ifungwe ili kazi yako ikae salama, na sisi katika mahoteli tule nini? Swali hilo ni la haki, wala si la kupuuzwa. Kwa miaka mingi wenye mahoteli wa Mombasa wamekuwa wakidai ndege za nje zipewe ruhusa zaidi ya kutua katika Kiwanja cha Moi. Chumba cha hoteli kisipopata mgeni, mpishi na mtandika vitanda hurudishwa nyumbani. Januari 2024 flydubai ilianza kuja Mombasa, na kila ndege kama hiyo huleta watu watakaolala, watakaokula na watakaopanda matatu. Kadhalika mfanyakazi wa maua kule Naivasha: ua likikatwa asubuhi lataka ndege usiku ule, wala halijali ndege hiyo ni ya taifa gani.

Kwa hiyo mwanachama wa uwanja wa ndege akisema "fungeni anga", amemfungia ndugu yake mlango wa riziki. Na mwanachama wa hoteli akisema "fungueni tu, ya wengine hayanihusu", naye amemtupa mwenzake. Matajiri wangefurahi sana kutuona tukivutana mashati hivyo. Jawabu ni kusema wote kwa sauti moja: ndege na zije, lakini kila mkono utakaozigusa katika ardhi ya Kenya uwe na mkataba wa kazi, mshahara wa mapatano na haki ya chama. Mgeni akishuka Mombasa, na mpakiaji wa mizigo yake ale kama mtu, na mtandika kitanda chake ale kama mtu.

Wakubwa hupenda kutuletea hesabu. Mwaka 2014 chama cha makampuni ya ndege ya dunia, IATA, kilitoa hesabu iliyofanywa kwa ajili yake, ikisema kama nchi 12 za Afrika zingefunguliana anga, kazi zipatazo 155,000 zingepatikana. Huenda ni kweli. Lakini hesabu ile hukupa idadi ya vichwa. Haikuambii ni vichwa vingapi vitakuwa na likizo, matibabu na mafao ya uzee, na vingapi vitakuwa vibarua wa wakala anayelipa kwa siku na kufukuza kwa simu. Kazi mia za kibarua si sawa na kazi mia za mapatano, ijapokuwa kwenye karatasi zote ni mia.

BENDERA YA KUKODI

Ndugu zetu wa Kilindini watafahamu jambo hili upesi. Wao wameona meli iliyo mali ya tajiri wa Ulaya, mabaharia wake wametoka Asia, na nyuma yapepea bendera ya Panama au Liberia. Bendera ile imekodiwa ili tajiri akwepe sheria na mishahara ya kwao. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji, ITF, lilianza vita juu ya bendera hizo mwaka 1948. Vita vile ni virefu, lakini vimezaa matunda: mwaka 2006 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba mmoja mkubwa wa haki za mabaharia, na ukaanza kutumika mwaka 2013.

Sasa bendera ya kukodi imepanda angani. Kampuni ya Norwegian, mwenyewe ni wa Norwei, ilianzisha kampuni nyingine ikaiandikisha Ireland, ili iruke kwenda Marekani. Kwa safari za mbali ilikuwa na wahudumu waliowekwa Bangkok na kuandikwa kupitia wakala wa Singapore. Vyama vya marubani na wahudumu vya Marekani na vya Ulaya vilipinga kwa miaka karibu mitatu. Vilikuwa na silaha mkononi, maana mapatano ya anga wazi baina ya Ulaya na Marekani, ya mwaka 2007, yaliongezwa kifungu mwaka 2010, kiitwacho 17 bis, kisemacho kwamba nafasi zinazofunguliwa hazikusudiwi kudhoofisha haki na hali ya wafanyakazi. Mfanyakazi alikuwa ameandikwa!

Lakini sikilizeni mwisho wake. Desemba 2016 serikali ya Marekani iliipa kampuni ile ruhusa. Ilisema kifungu kile hakiipi nguvu ya kukataa ruhusa kwa sababu hiyo peke yake. Yaani maneno yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa na meno. Na biashara yenyewe ya safari za mbali haikudumu: kampuni iliiacha mwaka 2021. Hilo ni funzo kwetu. Tusije tukapewa kifungu cha kupendeza macho, tukapiga makofi, kisha siku ya haja tukakuta ni mbwa asiye na jino.

Liko na funzo la pili, nalo ni la kutia moyo. Wahudumu wa ndege waliowekwa katika uwanja wa Charleroi, Ubelgiji, wengine wameajiriwa na Ryanair yenyewe na wengine kupitia wakala, walikuwa na mikataba iliyosema shauri lolote lipelekwe katika mahakama za Ireland, ati kwa kuwa ndege ni ya Ireland. Kila siku walianza kazi Charleroi na kumaliza Charleroi. Walipeleka shauri mbele, wakiungwa mkono na chama, na tarehe 14 Septemba 2017 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kuwa mfanyakazi aweza kushtaki mahali anapofanyia kazi yake hasa, na kwamba kituo chake cha kila siku ni alama kubwa ya mahali hapo. Rangi ya ndege haihamishi kazi ya mtu. Desemba mwaka ule ule kampuni hiyo, iliyokuwa imekataa vyama tangu kuanzishwa kwake, ilikubali kuzungumza navyo. Watu wachache walisimama, na mlango uliokuwa umefungwa miaka mingi ukafunguka.

NGUVU TULIYO NAYO

Asiseme mtu kuwa hayo ni ya Wazungu na sisi hatuwezi. Kiwanja cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958, kilijengwa kwa jasho la wafungwa wa Hali ya Hatari. Hakuna tajiri aliyekimimina kutoka mfukoni. Na mwezi Septemba 2024, serikali ilipokuwa ikitaka kuwapa kampuni ya Adani ya Bara Hindi kiwanja hicho kwa miaka 30, wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma tarehe 11. Ndege zilisimama. Jioni ile serikali ilikubali kukipa chama hati za shauri lile ili kizisome. Fikirini: ilihitajiwa migomo ili watu waone karatasi inayohusu kazi yao wenyewe! Tarehe 21 Novemba mwaka ule Rais alivunja mpango ule. Ni kweli kwamba mashtaka yaliyofunguliwa Marekani ndiyo yaliyosukuma siku ile, lakini mahakama zetu zilikuwa zimeusimamisha mpango, na wafanyakazi walikuwa wameufanya usiweze kupita gizani.

Sheria nayo tunayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya masharti mema ya kazi, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mwajiri akitaka kupunguza watu, sharti aarifu chama na ofisi ya kazi kwa uchache mwezi mmoja mbele, aeleze sababu, na alipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Lakini sheria hiyo yatazama mwajiri aliye hapa. Mapatano ya anga na ya miungano ya makampuni huandikwa kwingine, mapema zaidi, kabla mtu hajatamka neno "kupunguza". Tukingoja barua tutakuwa tumechelewa. Sharti tufike pale karatasi inapoandikwa.

TUDAI NINI

Nashauri chama chetu, pamoja na vyama ndugu vya mahoteli, mashamba ya maua, bandari na marubani, kidai mambo matano yafuatayo, na kiyapeleke kwa Wizara na kwa Bunge:

1. Serikali isitie sahihi mapatano yoyote ya anga, wala kuruhusu muungano wowote wa kugawana mapato, kabla wawakilishi wa wafanyakazi hawajaona maandishi na kusema neno lao.

2. Kila mapatano yawe na kifungu cha kazi chenye meno. Kampuni ikivunja haki za wafanyakazi, ruhusa yake ya kutua yaweza kusimamishwa. Tusikubali tena maneno ya "hatukusudii".

3. Mfanyakazi afuate sheria ya nchi ambamo huanza na kumaliza kazi yake, hata kama ndege imeandikishwa wapi na wakala yuko nchi gani.

4. Kazi ya uwanjani ikihamishwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine kwa ajili ya muungano, watu wahame pamoja na kazi, na mapatano yao ya chama yahame pamoja nao, bila kupoteza hata mwaka mmoja wa utumishi.

5. Katika soko moja la ndege la Afrika, nchi zetu zipatane juu ya kiwango cha chini cha masharti ya kazi, ili Nairobi, Addis Ababa, Kigali na Entebbe zisishindane kwa kumnyonga mfanyakazi.

Neno hili la tano ndilo gumu kuliko yote, maana serikali haitalifanya peke yake. Ni lazima vyama vyenyewe vivuke mpaka kwanza. Mpakiaji wa Entebbe na mpakiaji wa Embakasi hupakia ndege ile ile mwanzo na mwisho wa safari moja, lakini hawajuani, wala mmoja hajui mwenzake analipwa nini. Tajiri wao anajua mishahara yote miwili, na huitumia mmoja kumshusha mwingine. Shirikisho letu la kimataifa lipo, na milango yake iko wazi. Tuanze na jambo dogo: kila tawi lipate anwani ya tawi moja la nchi jirani, na kila mapatano mapya ya mshahara yapelekwe kwa ndugu hao wayasome. Makampuni yana miungano mitatu inayozunguka dunia. Sisi hatushindwi na barua moja kwa mwezi.

Wako watakaosema: mkidai hayo yote, ndege zitakwenda kwingine. Hayo tumeyasikia tangu zamani. Waliambiwa hivyo watu wa bandari, na meli bado zaja, kwa sababu mizigo iko hapa. Ndege huja Kenya kwa sababu ya wanyama wetu, pwani yetu, maua yetu, na kwa kuwa Nairobi iko mahali pazuri pa kuunganisha Afrika. Vitu hivyo havihamishiki. Kampuni isiyoweza kuruka mpaka mfanyakazi wake alale njaa haitufai, na ikiondoka tutaipungia mkono.

Shauri hili litaletwa mbele ya mikutano ya matawi. Kila mwanachama aje na neno lake, hasa ndugu wa Pwani na wa Naivasha, maana bila ninyi dai hili litakuwa la upande mmoja. Asiyekubaliana nami aandike, na gazeti hili lichape maneno yake kama lilivyochapa yangu. Tukipatana, tuyapeleke Wizarani kwa mkono mmoja.

Wenu katika umoja,
MWANACHAMA